Lugha ya Bibi, Tiketi ya Mjukuu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mbembe wa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, na sasa naishi Dallas, Texas, nasomea utengenezaji wa filamu. Nimeandika filamu ya dakika 25 kuhusu bibi na mjukuu wake wa kike katika nyumba ya kupanga. Bibi hajui Kiingereza. Mjukuu Kiswahili anakisikia ila hakisemi. Prodyuza wangu anasema nichague lugha moja, au nipige matoleo mawili: la Kiswahili la kupeleka nyumbani na la Kiingereza la hapa. Lakini majirani zangu Wamexico wana filamu zao za Kihispania, tena hapahapa Marekani, na naona zinajaza kumbi. Wao walifanyaje? (Bibi pia huomba kwa Kibembe, lakini hicho nimekitoa nisije nikawachanganya watu.)"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikakwama kwenye hayo mabano ya mwisho. Nitayarudia. Kwanza tumalizane na prodyuza wako.

Matoleo mawili usipige. Wazo hilo si lake, lina karibu miaka mia, na waliolijaribu walikuwa na hela kuliko wewe na yeye mkijumlishwa. Filamu zilipokuwa bubu, Hollywood iliuza Mexico, Cuba na Argentina kwa kubadilisha vibao vya maandishi tu. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, soko lote hilo likabaki linatazama midomo. Kudabi, yaani kubandika sauti za lugha nyingine, kulikuwa bado kugumu, na watazamaji wengi hawakuweza kusoma maandishi ya chini yenye tafsiri. Studio zikaamua kupiga filamu ileile upya kwa Kihispania, kwa waigizaji wengine. Hadi miaka ya 1930 inaisha zilikuwa zimetoka filamu zaidi ya mia za Kihispania. Hata wachekeshaji Laurel na Hardy, ambao Kihispania hawakuwa nacho hata cha kuombea maji, waliandikiwa matamshi kwenye ubao ulioegeshwa pembeni ya kamera, wakawa wanasoma huku wanaigiza.

Mfano mzuri kuliko yote ni Dracula ya mwaka 1931, hadithi ya mfu anayenyonya watu damu. Mchana, mwongozaji Tod Browning na mwigizaji Bela Lugosi walipiga toleo la Kiingereza katika studio za Universal. Jioni wakifunga kazi, kundi la pili liliingia kwenye seti zilezile na kupiga mpaka alfajiri. Mwongozaji wa usiku, George Melford, Kihispania hakukijua. Aliongoza kwa mkalimani. Lakini kundi lake lilikuwa na faida moja: liliweza kutazama picha walizopiga wenzao wa mchana, likaona palipolegea, nalo likakaza. Toleo la usiku lina dakika 104, la mchana 75, na tuko wengi tunaoona kwamba kamera ya usiku ilitembea vizuri zaidi. Mwaka 2015 liliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Pamoja na uzuri wote huo, mtindo wenyewe ulikufa. Gharama ilikuwa kubwa. Watu wa Havana walitaka kumwona nyota waliyemjua magazetini, si mbadala wake. Halafu lafudhi. Dracula wa usiku, Carlos Villarías, alitoka Uhispania. Binti anayewindwa, Lupita Tovar, alikuwa Mmexico. Mchumba wa binti, Barry Norton, alizaliwa Buenos Aires. Wote hao wanaishi hadithi moja na kila mmoja anatamka kwa namna ya kwao. Magazeti ya Uhispania yalidai Kihispania cha Castilla, ya Amerika ya Kusini yakacheka, na ugomvi huo ukapata jina lake kabisa: vita vya lafudhi. Nitakurudisha hapo, maana vita hivyo unavyo na wewe, ila bado hujaviona.

Kwako kuna sababu kubwa kuliko gharama. Jiulize: katika toleo lako la Kiswahili, mjukuu atasema nini? Atamjibu bibi kwa Kiswahili kilichonyooka, si ndiyo? Sasa hadithi yako imebaki wapi? Dracula inaweza kupigwa mara mbili kwa sababu ndani yake lugha si shida ya mtu yeyote. Shida ni meno. Kwako lugha ndiyo yenye meno.

Hilo la majirani zako nalo linataka marekebisho kidogo. Kwa miongo mingi sinema ya Kihispania Marekani haikutengenezwa Marekani, ililetwa kutoka Mexico. Los Angeles kuna ukumbi uitwao Million Dollar, uliofunguliwa 1918 kwa ajili ya filamu za Kiingereza. Kufikia miaka ya 1950 ulikuwa makao ya filamu za Mexico na waimbaji wake waliopanda jukwaani wenyewe. San Antonio, jimboni kwako, Alameda ilifunguliwa 1949 kwa wateja haohao. Familia zilikwenda Jumapili kama zinavyokwenda kanisani. Video na televisheni vilipoingia nyumbani, kumbi hizo zikafifia, na miaka ya 1980 nyingi zilikuwa zimefunga au kubadilisha kazi.

Hao si wenzako. Wenzako ni watoto wa wale waliokaa kwenye viti vile: waliosoma shule kwa Kiingereza, wakatukanwa kwa Kiingereza, na jioni wakaitwa kula kwa Kihispania. Filamu walizotengeneza wao ndizo zenye la kukufunza, na mbili kati yake nataka uzitazame kabla hujagusa tena skripti.

Ya kwanza ni The Ballad of Gregorio Cortez, ya Robert M. Young, mwaka 1982. Kisa chake ni cha kweli, na kilitokea Texas hiyohiyo unayoishi. Juni 1901, sherifu wa wilaya ya Karnes anamfuata mkulima wa Kimexico kuuliza habari za farasi wa wizi. Sherifu hajui Kihispania, anaye naibu anayejidai anakijua. Naibu anamuuliza Cortez kama amebadilishana na mtu "caballo", farasi dume. Cortez anajibu hapana, kwa sababu aliyempata ni "yegua", farasi jike, na kwa Kihispania hao ni wanyama wa majina mawili. Naibu anasikia uongo. Cortez anasema hawawezi kumkamata kwa kosa ambalo halipo. Naibu anatafsiri kwamba amesema hakuna mzungu atakayemkamata. Dakika chache baadaye kaka yake Cortez amepigwa risasi, sherifu anakufa, na mamia ya watu wenye bunduki wanamsaka Cortez kuelekea mpakani. (Kwetu farasi ni farasi, awe jike awe dume. Mkalimani wa Kiswahili asingeua mtu siku ile. Ila muulize mfugaji wa kwenu kama aliuza fahali wakati aliuza mtamba, uone.)

Sasa tazama alichofanya mwongozaji. Kihispania cha filamu hakikuwekewa maandishi ya chini hata mstari mmoja. Mtazamaji wa Kiingereza anakaa nyuma ya sherifu: anasikia sauti, anaona hasira, anaambulia kile tu anachoambiwa na mkalimani mbovu. Inapofika karibu na mwisho, Cortez akiwa jela, mkalimani anayejua kazi yake anamsikiliza, na ndipo neno "yegua" linafunguka. Mtazamaji anagundua kwamba muda wote huo naye alikuwa miongoni mwa waliokosea. Yule anayejua Kihispania, kwa upande wake, amekaa saa nzima na ushee akiona ajali inakuja na hana wa kumwambia. Ukumbi mmoja, filamu mbili, na hakuna aliyepiga toleo la pili.

Miaka karibu 40 baadaye Steven Spielberg naye alikataa kuweka maandishi ya chini kwenye Kihispania cha West Side Story yake ya 2021, akieleza kwamba kuyaweka kungekipa Kiingereza mamlaka juu ya Kihispania. Nia naielewa. Lakini ukiniuliza mimi, mbinu ile pale ilikuwa heshima zaidi kuliko hadithi, kwa sababu Kihispania kile ni kifupi na maana yake unaisoma kwenye nyuso. Kwa Cortez, kuondoa maandishi ndiyo kisa chenyewe. Kwa hiyo ukija kuamua sentensi ipi iwekewe maandishi na ipi iachwe, usianzie kwenye siasa za lugha. Anzia hapa: wakati huu nataka mtazamaji awe amekaa upande wa nani?

Ya pili ni El Norte ya Gregory Nava, 1983. Kaka na dada, Enrique na Rosa, Wamaya wa Guatemala, wanakimbia jeshi lililoua kijijini kwao, wanapita Mexico, wanaingia Los Angeles. Nyumbani wanasema K'iche', lugha yao ya Kimaya. Njiani wanasema Kihispania. Wakifika wanasomea Kiingereza darasani usiku. Filamu haikutaka kurahisisha chochote, na bado Nava na Anna Thomas waliteuliwa kuwania Oscar ya skripti. Ninachokipenda kuliko vyote ni kitu kidogo: kabla ya kuondoka wanafundishwa kwamba wakitaka kuaminika ni Wamexico, watie tusi moja maarufu la Kimexico kila baada ya maneno mawili matatu. Lugha moja, Kihispania, na ndani yake kuna mpaka mwingine wenye walinzi.

Ninajua, bila wewe kuniambia, kwamba mtu wa Nyarugusu anaelewa jambo hilo kuliko mimi. Mtoto wa Fizi akienda sokoni Kasulu na "batoto" na "bintu" zake, ametambuliwa kabla hajataja bei. Basi mbona kwenye skripti uliyonitumia bibi anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari ya saa mbili usiku?

Hapo ndipo vita vyako vya lafudhi. Tamthilia ya Narcos ilipotoka 2015, nafasi ya Pablo Escobar, bwana wa dawa za kulevya wa Kolombia, alipewa Wagner Moura, Mbrazili aliyejifunza Kihispania kwa ajili ya kazi hiyo. Dunia ilimsifu. Wakolombia wengi walikunja uso, kwa sababu Escobar alikuwa mtu wa Medellín, na lafudhi ya Medellín kwao ni kitu unachokitambua kwa macho yaliyofumbwa. Linganisha na Benicio del Toro katika Traffic ya mwaka 2000: yeye ni wa Puerto Rico, akaifanyia kazi lafudhi ya Kimexico, na sehemu kubwa ya maneno yake ni Kihispania. Akapata Oscar. Wewe huna bajeti ya mwalimu wa lafudhi. Unacho kitu cha bei nafuu: Dallas ina mama wa Kikongo kanisani ambaye hahitaji kufundishwa. Ukimchukua mwigizaji mzuri wa Mombasa au Unguja akawe bibi wa Fizi, watazamaji wa Kiingereza hawatajua, na wa kwenu watacheka mahali ulipotaka walie.

Sasa tuje kwenye skripti yenyewe, maana humo ndimo kazi ilimo.

Watengeneza filamu Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) waliofanikiwa walikubali jambo ambalo kila familia ya wahamiaji inalijua: lugha hazigawanyiki kwa mtu, zinagawanyika kwa uhusiano na kwa jambo linalozungumzwa. Katika tamthilia ya Jane the Virgin, iliyorushwa kati ya 2014 na 2019, bibi Alba anaongea Kihispania na mjukuu wake anamjibu kwa Kiingereza, karibu muda wote. Wanaelewana. Wageni wa lugha waliona ajabu; Walatino walijiona sebuleni kwao. Huyo mjukuu wako anayesikia asiseme ni mtu anayejulikana sana kule. Wana hata jina la kuwatania watoto wa namna hiyo: "no sabo". Kihispania sahihi cha "sijui" ni "no sé". Mtoto aliyekulia kwenye Kiingereza anakisia kanuni na kusema "no sabo", kama mtoto wa Dallas anavyosema "kitabu yangu". (Nairobi watanikasirikia kwa mfano huo, lakini twende.) Utani huo una uchungu, kwa sababu anayecheka mara nyingi ni shangazi yake. Mjukuu wako ananyamaza kwa nini? Ni uvivu, au kuna siku alijaribu na meza nzima ikaangua kicheko? Ukijua jibu, huna haja ya kuliandika kwenye filamu. Litaonekana kwenye mdomo wake unapofunguka na kufunga tena.

Kwa hiyo pitia skripti, na kila mstari uandike pembeni: lugha gani, na kwa nini hiyo. Palipo na hesabu za kodi ya nyumba, mjukuu atatumia Kiingereza. Palipo na chakula, huenda neno moja la Kiswahili likamtoka bila kujua. Bibi akikasirika kweli, lugha yake itashuka chini zaidi ya Kiswahili. Umenielewa ninakoelekea.

Kuna makosa mawili ambayo filamu za Kihispania za Marekani zimeyarudia hadi yamechosha, na skripti yako inayo yote. La kwanza ni mwangwi: mtu anasema jambo kwa Kihispania, halafu mwenzake anauliza "Unasema polisi wanakuja?" ili mtazamaji wa Kiingereza aambiwe. Nyumbani hakuna mtu anayerudia alichosikia. Kwako nimehesabu mara nne. La pili ni chumvi: filamu nzima ni Kiingereza, imenyunyiziwa "abuela" (bibi) na "mijo" (mwanangu) juu ili inukie Kilatino. Sisi tunalijua hilo kwa jina la "jambo" na "hakuna matata" za fulana za watalii. Mjukuu wako kila anapomaliza sentensi ya Kiingereza anasema "bibi". Mara moja moja inatosha.

Ukitaka kuona mtu aliyeepuka mwangwi kwa akili, mtazame Eugenio Derbez. Mwaka 2013 filamu yake No se aceptan devoluciones ilipata zaidi ya dola milioni 44 katika kumbi za Marekani, ikaipita filamu nyingine ya Kihispania, Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro, iliyokuwa na takriban milioni 37. Mhusika wake ni mwanamume kutoka Acapulco anayelea binti Los Angeles bila kujua Kiingereza, na mkalimani wake ni mtoto huyo. Ndiyo maana kila kitu kinaweza kutafsiriwa mbele yetu bila kuonekana ni msaada kwa mtazamaji: ni kazi ya mtoto, anaifanya kila siku, na wakati mwingine anatafsiri anavyotaka yeye. Nadhani hapo umewakumbuka watoto wa Nyarugusu waliokwenda hospitali za Marekani kuwasemea mama zao mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Kama kuna tukio moja ninalotamani uliongeze, ni hilo.

Filamu hiyo ilijibu pia swali la kumbi kujaa. Derbez alikuwa uso wa televisheni ambao familia za Kimexico zimeishi nao miaka mingi, na kampuni iliyoisambaza, Pantelion, ilikuwa ya ubia kati ya Lionsgate ya Marekani na Televisa ya Mexico, kwa hiyo ilijua mlango wa kugonga. Bibi, mama na mtoto wanaweza kuingia pamoja, na kila mmoja akapata mtu wa kumfuata. Nyuma yao wapo Walatino zaidi ya milioni 62 kwa sensa ya 2020. Wewe huna idadi hiyo, na sitakudanganya kwamba Waswahili wa Texas watakujazia ukumbi wa viti 300. Lakini viti vitatu vya familia moja unaweza kuvijaza vilevile alivyovijaza yeye.

Kuhusu hela, mtu wako ni mwingine, Robert Rodriguez, mzaliwa wa San Antonio. El Mariachi aliipiga Ciudad Acuña, upande wa pili wa mpaka, kwa takriban dola 7,000, nyingine akizipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Aliandika kwa kuangalia alichonacho: basi, kasa, mbwa, gita na mkoba wake. Kiti cha magurudumu cha wagonjwa kikawa gari la kamera. Kamera ilikuwa na kelele, kwa hiyo alirekodi sauti baada ya kupiga, waigizaji wakirudia maneno yao papo hapo mbele ya rekoda. Aliifanya kwa Kihispania kwa sababu alilenga soko la kaseti za video za Kihispania, ambako aliamini hakuna atakayemkagua. Studio ya Columbia ikainunua, ikaipeleka kumbini na maandishi ya chini, na mwaka 1993 ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance. Lakini kumbuka na upande wa pili: hela za studio zilipokuja kwa filamu iliyofuata, Desperado ya 1995, ikawa ya Kiingereza. Mkataba ukija mezani, lugha ndicho kitu cha kwanza watakachokuomba. Amua leo utajibu nini.

Tuzo zisikunyime usingizi, ila ujue sheria moja. Kipengele cha Oscar cha filamu ya kimataifa ni kwa filamu ndefu iliyotengenezwa nje ya Marekani, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yake yasiwe Kiingereza. Kwa hiyo filamu ya Dallas, hata iwe Kiswahili kitupu, haiingii humo. Puerto Rico, ambayo ni eneo la Marekani na watu wake husema Kihispania, ilikuwa ikipeleka filamu zake, hata moja ikateuliwa, Lo que le pasó a Santiago ya 1989. Mwaka 2011 ikafungiwa mlango. Upande mwingine, Lionheart ya Nigeria iliondolewa 2019 kwa sababu ilikuwa na Kiingereza kingi mno, kana kwamba Mnigeria amekiazima juzi. Kenya ilipeleka Nairobi Half Life mwaka 2012 na Tanzania ikapeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, na zote mbili zinachanganya lugha kama miji yake inavyochanganya. Usipime asilimia za lugha kwa rula ya tuzo ambayo filamu yako fupi haiwanii.

Maandishi ya chini ndiyo yawekee hela, tena mapema. Niliwahi kuletewa filamu ya Kiingereza yenye familia ya Kilatino nitafsiri iende kwa Kiswahili. Faili lilikuwa na mistari 19 iliyoandikwa "[anaongea Kihispania]" na basi. Kwenye mistari hiyo kulikuwa na mama anayekufa akimwambia mwanawe baba yake ni nani. Nikaandika kuuliza maneno yenyewe, nikajibiwa kwamba mtazamaji hahitaji. Nilimlipa rafiki anayejua Kihispania kutoka mfukoni mwangu. Na wewe ukipeleka filamu kwa mtu wa maandishi bila kumpa skripti, bibi yako atageuka "[anaongea lugha ya kigeni]", ndani ya filamu yake mwenyewe.

Andaa seti mbili za maandishi: moja ya Kiingereza kwa maneno ya bibi, na moja ya Kiswahili kwa maneno ya mjukuu, kwa ajili ya mabibi watakaokuja kutazama. Mistari miwili kwa wakati mmoja, herufi kama 42 kwa mstari, usizidishe. Tafsiri ya Kiingereza itakupa taabu ya nafasi, kwa sababu bibi akisema "hatutawasahau" amemaliza kwa pumzi moja, na Kiingereza kitataka maneno manne au matano kusema hilohilo.

Na usije ukashawishika kuweka Kiswahili sanifu chini ya Kiswahili cha Fizi. Netflix ilifanya hivyo na filamu ya Roma ya Alfonso Cuarón wa Mexico: watazamaji wa Uhispania waliwekewa Kihispania cha Uhispania chini ya Kihispania cha Mexico, hata palipoeleweka bila shida. Cuarón alilalamika hadharani kwamba ni dharau, na Januari 2019 maandishi yale yakaondolewa. Mtu wa Tanga ataielewa "batoto" bila kutafsiriwa.

Sasa mabano yako. Umetoa Kibembe usije ukachanganya watu. Kirudishe. Umekiri mwenyewe kwamba filamu yako ina lugha tatu, kama El Norte, halafu umeifuta ile inayomfanya bibi awe na mahali pa kwake peke yake. Kiswahili kwa bibi huyo nacho ni lugha ya njiani: ya soko, ya kambi, ya karani wa UNHCR. Mjukuu anadhani bibi ana lugha moja asiyoiweza. Mwache agundue kuwa ziko mbili.

Maneno ya sala hiyo ningeyaacha bila maandishi, ingawa Kiswahili chote umekiwekea. Bibi hasemi nasi wala hasemi na mjukuu. Mtu wa Kibembe akiwepo ukumbini, ataipokea kama barua iliyoandikwa jina lake. Usimkaririshe mwigizaji asiyeijua, akawa anasoma ubaoni kama Laurel na Hardy. Mtafute yule mama wa kanisani, mwambie aombe anavyoomba siku zote, na usiseme "kata" mpaka amemaliza mwenyewe. Mjukuu amesimama mlangoni, simu mkononi, bili ya umeme inangoja kusomwa. Asiingie.

Ukishapiga hilo tukio, nitumie hata kabla hujalihariri.